Shikamoo Kutoka Angani

Mama yangu alikuwa akiamkiwa na ndege. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo majirani zetu wa Olmotonyi walivyosema, tena kwa kujisifu, kana kwamba ni wao walioamkiwa. Mdogo wangu wa kiume, maana kwetu tulizaliwa mimi na yeye tu, alikuwa rubani wa ndege ndogo zinazobeba watalii kutoka uwanja wa Kisongo kwenda mbugani. Asubuhi akienda kuchukua wageni, ndege ikiwa tupu, alikuwa anapindisha njia kidogo, anakuja upande wa mlima Meru, anashuka juu ya nyumba ya mama na kuinamisha mabawa, kwanza la kushoto, kisha la kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo. Mama anatoka jikoni mbio, mkononi ana shuka jeupe la kitanda, analipunga juu ya kichwa na kuitikia kwa sauti yake yote, "Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Kisha ndege inanyanyuka, inageukia magharibi, na mama anarudi kwenye maharage yake akiwa na uso wa mtu aliyekula sikukuu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba changu cha kushonea sare za shule pale Levolosi mjini, mahali ambapo nyumba zimebanana mpaka ukikohoa jirani anakupa pole. Nilikuwa napanda kwa mama kila nilipopata nafasi, na nilipoiona salamu hiyo kwa mara ya kwanza nililia. Sitaki kujifanya leo kwamba niliiona hatari tangu mwanzo. Nilimwona mtoto aliyekuwa akichapwa na mama kwa kupanda juu ya paa, sasa yuko juu ya paa la kila mtu, na mama yuleyule anampigia vigelegele.

Ili uelewe kwa nini alikuwa anashuka, lazima uijue nyumba yetu. Asili yetu ni Kilimanjaro. Baba alikuja Olmotonyi kufanya kazi chuo cha misitu, akapata kiwanja kwenye ukingo wa korongo, akapanda migomba, kahawa kidogo, na uzio wa masale, mmea wa Wachaga wa kuombea radhi, kama ule wa kwa babu yake. Kwa sababu alikuwa mtu wa misitu, alipanda na migrevilea pembeni mwa korongo, akaihudumia kuliko alivyotuhudumia sisi, na ikarefuka kweli. Baba alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala: hupiti mbele ya geti la mzazi bila kuingia kusalimia. Hata kama umechelewa msibani. Hata kama bodaboda inakusubiri na dereva ananuna. Unaingia, unaamkia, unangoja uitikiwe, ndipo unaondoka. Ukiamkia na hujaitikiwa, baba alikuwa anasema, ndani kuna ugonjwa au kuna ugomvi, na vyote viwili huwezi kuviacha ukaenda zako.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado anasoma. Sheria yake ilibaki, na mdogo wangu akaipandisha angani.

"Dada, njia yangu inapita karibu na nyumba ya mama," aliniambia nilipomuuliza. "Nipite tu kama mgeni?"

Nilicheka. Mtu yeyote wa kwetu angecheka. Kanisani mama alikuwa anashikwa mkono na watu ambao zamani hawakumwona, na mchungaji aliwahi kuwataja kwenye maombi "wanaosafiri majini, barabarani na angani," na kila mtu akajua angani ni nani. Vijana wa pale walikuwa wakiisikia injini wanaacha majembe. "Rubani wetu huyo! Ameshuka hatari!" Ilikuwa sifa. Hakuna aliyekuwa analisikia lile neno la mwisho kwa maana yake.

Mimi nilianza kulisikia kwa sababu ni mchokonozi, na kwa sababu mdogo wangu hakuwa mtu wa kuficha. Ukimuuliza kuhusu ndege, alikuwa anakueleza mpaka ujute. Aliniambia kwamba urefu kutoka ardhini ndio muda wa rubani. Ukiwa juu, injini ikikorofisha, una nafasi ya kufikiri, ya kutafuta shamba lililo wazi, hata ya kusali. Ukiwa chini huna kitu, unachukua kilicho mbele yako. Aliniambia kuhusu upepo wa Meru, unaovuka bega la mlima na kushuka huku kwetu ghafla, ukaisukuma ndege ndogo chini kama mtu anayekandamiza unga kwenye debe. Akaniambia pia kitu ambacho sikukitarajia, kwamba miti si tatizo kubwa sana, kwa kuwa mti unauona. Tatizo ni mtu. Rubani akimtazama mtu aliye chini huku anageuza ndege, macho yanabaki kwa yule mtu, mkono unaendelea kuvuta, ndege inapungua mwendo, na yeye hajui. Kuna sheria za kutoshuka chini ya kiwango fulani, na alizijua zote. Akiwa na abiria hakuwahi kuzivunja, na hilo naliamini mpaka leo.

"Sasa mbona unashuka?" nikamuuliza.

"Kwa mama tu," akasema, akacheka, akaomba chai nyingine.

Kisha umeme ukaja. Sisi wa ng'ambo ile ya korongo tulikuwa tumeusubiri mpaka tukazoea kuusubiri. Mama aliuombea kanisani kwa jina, kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Mafundi walipofika na kusema njia fupi ni kuvusha waya juu ya korongo, kutoka ukingo wetu hadi ukingo wa pili, mama alikuwa wa kwanza kukubali nguzo isimame kwenye kiwanja chake. Wakaisimika palepale kwenye safu ya migrevilea ya baba. Walikata matawi kidogo tu, kwa sababu mama aliwaomba wasiikate miti ya marehemu. Siku taa ya jikoni ilipowaka, mama aliizima na kuiwasha mpaka nikamwambia ataiunguza. Akaweka simu yake kwenye chaji ukutani, akaitazama, akasema sasa hatashuka tena Ngaramtoni kuchajisha simu kama mtu asiye na kwao. Nilifurahi naye. Tulipika kuku.

Korongo lile ndilo lilikuwa barabara ya mdogo wangu. Alikuwa akija kutoka upande wa bonde, anafuata korongo kuelekea mlimani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa wazi, na mama alikuwa anasimama ukingoni, kwenye maharage, ambako hakuna migomba ya kumficha. Nilimpigia simu siku ileile waya ulipovutwa. Akasema ameziona nguzo, nisiwe na wasiwasi, kuanzia sasa atasalimia kwa juu. Na kweli alipandisha. Mama hata alilalamika kwamba sasa mtoto anamsalimia kwa mbali kama mkubwa wa serikali.

Baadaye kidogo kampuni yake ilimruhusu anipakie kwenye kiti kitupu, twende naye mbugani kuchukua wageni na kurudi. Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Tuliruka asubuhi, mji ukabaki nyuma mabati matupu, mlima ukawa upande wa kulia karibu kuliko nilivyopenda. Alipofika usawa wa kwetu alibaki juu, akaiinamisha ndege upande wangu ili nione vizuri.

"Tafuta waya," aliniambia kwenye vile vipaza sauti vya masikioni.

Nilitafuta. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani nilitafuta waya wa umeme uliovuka korongo zima, na sikuuona. Niliona kijani. Niliona paa la mama, niliona kaburi la baba kwa ule weupe wake, nikamwona mama mwenyewe, mdogo kama njiti ya kibiriti, na shuka lake likipepea. Waya haukuwepo.

"Siuoni," nikasema.

"Hata mimi siuoni," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia hakuna sukari. "Hakuna anayeuona kutoka juu, dada. Unakuwa na rangi ya kilicho chini yake. Unachofanya ni kutafuta nguzo, moja huku na moja kule, halafu unaamini katikati kuna waya."

Nguzo ya ng'ambo niliiona, baada ya yeye kunyoosha kidole. Ya kwetu ilikuwa imezama ndani ya migrevilea ya baba, na hata aliponionyesha sikuwa na uhakika kama natazama nguzo au mti. Akainamisha mabawa, kushoto, kulia. Chini kule mama alikuwa anapunga kwa nguvu zote, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Wanyama niliowaona baadaye siku hiyo siwakumbuki hata mmoja.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa wote kwa mama tunakula mtori, nami nikalianzisha. Nilimwambia aache kabisa, si kwa juu wala kwa chini.

"Nimeshapandisha, dada. Ule waya siwezi kuugusa."

"Na siku ukisahau?"

"Nyumbani mtu anasahauje?"

"Siku upepo wako ukikusukuma? Siku jua likikuingia machoni? Wewe mwenyewe umesema huuoni!"

"Siuoni, lakini najua ulipo."

Nikamgeukia mama. "Mama, mkataze. Wewe ukimwambia atakusikia."

Mama alikuwa amesimama na upawa mkononi. "Mtoto ananiamkia, nimwambie usiniamkie?" akasema. "Mimi nitakuwa mama wa namna gani?"

Mdogo wangu akacheka, akamtazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipandwa na hasira nikasukuma bakuli langu, mtori ukamwagika mezani, na nikawaambia wote wawili kwamba siku moja watayakumbuka maneno yangu. Sikuwa na maana ya kutabiri. Nilikuwa nimeshindwa tu, na mimi sipendi kushindwa.

Mama alifuta meza. Alifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamuuliza mdogo wangu, taratibu, kama anayeuliza kitu kidogo, "Kwa hiyo hata wewe huuoni?"

"Siuoni, mama. Ila usijali."

Mama akasema haya, akaenda kuosha vyombo. Hatukulizungumza tena. Yeye na mimi tulimsindikiza mdogo wangu hadi barabarani, na nikakataa kumpa mkono vizuri. Nilimpa ncha za vidole.

Siku yenyewe nilikuwa nimelala kwa mama. Asubuhi alinihimiza niende soko la Ngaramtoni mapema, ninunue vitunguu na magadi, nisagishe na mahindi. Nilimwambia ngoja kwanza ninywe chai. Akasema chai nitaikuta. Alinitoa nyumbani kama anayefukuza kuku, na sikuona ajabu, kwa sababu mama yangu siku zote ana haraka na kazi za wengine.

Sokoni kulikuwa kumejaa, wafugaji na mbuzi zao, wakulima na mikungu yao, vumbi kwa kila mtu. Niliweka debe langu kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nje ya mlango, ambako unga ulikuwa unapaka watu wote nywele nyeupe. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka unaisikia kwenye meno. Hata hivyo niliiona ndege. Niliiona ikija kutoka Kisongo, ndogo, nyeupe, ikapinda kuelekea kwetu, ikainamisha mabawa juu ya Olmotonyi. Ilikuwa juu, kama alivyoahidi. Mama mmoja muuza nyanya, anayetufahamu, akanigusa bega.

"Mdogo wako huyo anamsalimia mama."

"Ndiyo," nikasema, na nikaona moyo wangu unatulia, maana salamu ilikuwa imepita salama.

Lakini haikugeukia magharibi. Ilizunguka, ikarudi, safari hii chini zaidi, ikainamisha tena mabawa.

"Leo anaamkia mara mbili!" yule mama akasema, akapiga makofi.

Hapo ndipo nilipojua. Mtu mwingine pale sokoni asingeweza kujua. Kwetu hakuna kuamkia mara mbili ila kwa sababu moja. Hajaitikiwa. Mama hajatoka. Na mdogo wangu alikuwa amelelewa na sheria ya baba: ukiamkia na hujaitikiwa, ndani kuna ugonjwa au kuna ugomvi, na vyote viwili huwezi kuviacha ukaenda zako. Nilitoa simu nikampigia mama. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ndege ilikuwa imekwenda mbali upande wa bonde, ikageuka, na sasa ilikuwa inakuja kwa mara ya tatu, chini kabisa, kama zamani kabla ya umeme, ikifuata korongo kuelekea mlimani. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limepanda juu ya bega la Meru, na alikuwa analiendea usoni. Alikuwa anamtafuta mama yake.

Ilizama nyuma ya miti nisiione tena.

Kisha mashine ya kusaga ikapunguza sauti, ikaguna, ikanyamaza.

Soko zima likanung'unika. "Umeme tena!" mtu akasema. Mwingine akasonya. Mwenye mashine akatoka mlangoni, amejaa unga, akatutuliza, akasema tuvumilie utarudi sasa hivi. Watu walikaa juu ya madebe yao wakaanza kuwalaumu wenye umeme, kama kawaida. Nilikuwa nimesimama katikati yao natazama mlimani, na nilikuwa nasubiri ndege inyanyuke juu ya miti, na ilikuwa hainyanyuki.

Dereva wa bodaboda aliyenipandisha hakuniuliza kitu. Nadhani nilikuwa napiga kelele, sikumbuki.

Nilimkuta mama ukingoni mwa korongo, kwenye maharage, ameshika shuka kwa mikono miwili, analipunga. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nipo!" alikuwa anasema. "Nipo, mwanangu! Marahaba! Nipo!" Waya ulikuwa umekatika na kuning'inia kwenye migrevilea ya baba, na vijana walikuwa wanawafukuza watu wasiukaribie. Ng'ambo ya pili, kwenye mahindi ya jirani, kulikuwa na kitu cheupe kimekunjamana, na watu wanakikimbilia kutoka pande zote. Nilijaribu kumnyang'anya mama shuka. Hakuliachia. Nilikuta nguvu ambazo sikujua mzee wangu anazo.

Mdogo wangu alikuwa peke yake kwenye ndege. Walisema hakuteseka, na nikaamua kuwaamini.

Mama aliniambia baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, tumekaa jikoni. Asubuhi ile alikuwa amejifungia humohumo. "Nilisema nisipotoka, ataona hakuna mtu, ataenda zake. Leo na kesho na keshokutwa. Akizoea, ataacha mwenyewe, bila mimi kumkatalia shikamoo yake. Simu iliita asubuhi, alikuwa yeye, sikupokea. Nilijua nikimsikia nitatoka. Aliporudi mara ya pili nikasema atachoka. Mara ya tatu nikasikia anakuja chini, chini kabisa, vyombo vinatetemeka. Nikajua ananitafuta. Nikatoka mbio."

"Alikuona?"

Mama aliinama akachochea moto, na sijawahi kumuuliza tena. Ndilo swali linalomla. Kama mdogo wangu alimwona, basi aliondoka akiwa ameitikiwa, lakini macho yake yalikuwa kwa mama na si mbele. Kama hakumwona, aliondoka na shikamoo yake mkononi. Nimeligeuza swali hilo kila upande, kama kitambaa kisichojulikana upande wake wa nje ni upi, na sijui lipi ningependa liwe kweli.

Wataalamu walikuja kuchunguza, watu wa heshima, wakapima nguzo na kutazama matairi yaliyonaswa na waya. Mmoja wao alimuuliza mama kama anajua kwa nini ndege ilikuwa chini kiasi kile. "Alikuwa ananisalimia," mama akasema. Yule bwana aliinamisha kichwa, akasema pole mama, kisha akauliza tena kuhusu urefu. Walikuwa wanafanya kazi yao.

Mimi nina hasira. Watu wanadhani ukishazika hasira inakwisha, nami nasema hapana. Kwenye mazishi msemaji mmoja alisimama akasema marehemu alikufa akimheshimu mzazi wake, na watu wakaitikia kwa huzuni tamu, wanawake wakatikisa vichwa. Nilitaka kusimama. Nilitaka kuwaambia hakufa kwa heshima, alikufa kwa waya, na sote tuliokuwa tunapiga vigelegele tuliuona unavutwa. Niliyekuwa nimekaa naye alinishika mkono. Namkasirikia mdogo wangu zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa na akili ya kunieleza mimi, fundi cherehani, kila jambo ambalo lingemwua, kwa mpangilio, akinywa chai. Kisha akalifanya. Mama siwezi kumkasirikia. Nimejaribu.

Waya mpya ulivutwa, na safari hii wakauning'inizia mipira mikubwa ya rangi ya machungwa, ili mtu wa angani auone. Inaonekana kutoka dirishani kwa mama. Upepo ukivuma inacheza kidogo. Migrevilea iliyokuwa inaficha nguzo mama aliikata yote, yeye mwenyewe alisimama hapo mpaka wa mwisho ulipolala, na kwenye kaburi la baba akaenda kuomba radhi na jani la sale. Taa ya jikoni haiwashi. Anapika kwa mwanga wa mlangoni, na jioni akimaliza anakaa.

Lakini ndege hazikukoma kupita. Zinaondoka Kisongo asubuhi kama zamani, zinakwenda mbugani, juu sana, zimenyooka, marubani wengine, watoto wa mama wengine. Na mama hutoka. Kila ndege. Akiisikia tu anaacha alichoshika, anachukua shuka lilelile na kukimbilia ukingoni kwenye maharage, anasimama mahali pa wazi na kupunga mpaka ipotee. Mvua inyeshe, tope liteleze, magoti yaume, anatoka. Nilimgombeza. Nilimwambia hao hawakujui, mama, wako juu mno, hawakuoni, na hakuna anayekusalimia.

"Najua," akasema. "Lakini wakiniona wataenda zao."

Niliondoka kwenda kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Mwezi uliopita homa ilimshika. Nilifunga chumba cha kushonea nikapanda kumuuguza. Asubuhi nilikuwa nampa uji, kichwa chake nimekiegemeza kwenye mkono wangu, tukasikia injini upande wa Kisongo. Akajaribu kuinuka, akashindwa, akarudi kwenye mto anahema.

"Toka wewe," akaniambia.

"Mama, kunywa uji."

"Toka, mwanangu. Inakuja."

Nilitaka kumwambia ni upuuzi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Injini ikawa inakaribia, na ghafla nikamwona mawazoni mtu nisiyemjua, kijana, amekaa kule juu peke yake kabla hajachukua wageni wake, anatazama chini kwenye nyumba yetu na kuona uwanja mtupu. Nikaweka kikombe. Nililivuta shuka kutoka msumarini, nikatoka mbio na ndala moja, nikapita migomba, nikasimama kwenye maharage ambako mama husimama. Ndege ilikuwa juu kabisa, nyeupe, inakwenda zake. Nililipunga lile shuka kwa mikono miwili. Haikuinamisha bawa. Haikupunguza chochote. Ilipita juu ya mipira ya machungwa, ikageukia magharibi, sauti ikafifia, na nilikuwa bado napunga.

Nilirudi ndani natweta. Mama alikuwa amegeuza uso mlangoni.

"Imepita?"

"Imepita, mama."

"Juu?"

"Juu sana."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikachukua kikombe cha uji.

"Umeitikia?" akauliza.

Sikuwa nimeitikia. Nikaweka kikombe chini, nikatoka tena nje, nikaenda mpaka ukingoni. Mbingu ilikuwa tupu. Nikasema marahaba, kwa sauti, ili asikie kutoka kitandani.